Ruaha Mkuu na ofisi zake: kwa nini mto hukatika wakati kila mmoja yuko kazini

Tangu kiangazi cha 1993, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika karibu kila mwaka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Haukauki wote, unakatika. Madimbwi yanabaki hapa na pale, viboko wanabanana humo pamoja na mamba, tope linanuka, na pale Msembe, penye kituo cha kupimia mtiririko, hakuna kinachotiririka cha kupima hadi mvua zirudi.

Ukimuuliza mtu wa hifadhi sababu, atakutajia wakulima wa mpunga wa Usangu. Mkulima atakutajia wafugaji. Mfugaji atakuonyesha mashamba makubwa ya mpunga yaliyofunguliwa na serikali yenyewe. Wa umeme atasema yeye yuko chini ya mto, anapokea kinachobaki. Wote wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana lawama hizi zimedumu zaidi ya miaka thelathini bila kumaliza jambo.

Wengi hudai kwamba taasisi za serikali "hazishirikiani", kana kwamba tatizo ni uvivu au majivuno ya mabosi. Sikubaliani nao, angalau si kwa mto huu. Ukifuatilia maji kutoka mlimani hadi bwawani utaona jambo gumu zaidi: kila ofisi inafanya kazi yake kama sheria yake inavyotaka, tena mara nyingi kwa bidii, na mto unakatika vilevile.

Maji yenyewe

Mto huu unaanzia nyanda za juu za kusini, hasa milima ya Uporoto na Kipengere. Maji yanateremka kwa mito kama Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera hadi uwanda wa Usangu, ambao sehemu yake kubwa iko wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya. Pale nchi ni tambarare, maji yanapoteza kasi, yanasambaa na kuwa kinamasi cha Ihefu. Upande wa kutokea, kinamasi kimezuiwa na mwamba mahali panapoitwa Ng'iriama. Maji yakipanda juu ya mwamba huo, Ruaha Mkuu unaendelea na safari kuingia hifadhini. Yakishuka chini yake, mto unaishia hapo, hata kama nyuma ya mwamba bado kuna maji mengi yamekaa.

Mwamba huo una maana kubwa kuliko watu wanavyoupa. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ihefu wakati wa kiangazi hupotea kwa jua na kunywewa na matete kabla ya kufika Ng'iriama. Kwa hiyo ili kijito chembamba tu kivuke mwamba mwezi Oktoba, lazima maji mengi zaidi yaingie kinamasini kutoka juu. Lita moja iliyookolewa kwenye mfereji wa Mbarali haiwi lita moja Msembe, wala haikaribii. Mipango kadhaa imekwama hapa: watu wanaokoa maji kweli, wanajipongeza kweli, na hifadhini hakionekani kitu.

Chini ya hifadhi mto unapokea Ruaha Mdogo na Kisigo, unaingia bwawa la Mtera mpakani mwa Dodoma na Iringa, unashuka hadi bwawa la Kidatu mkoani Morogoro, kisha unajiunga na Rufiji na kuelekea Bwawa la Julius Nyerere.

Nani ana nini

Maji ya mto yako mikononi mwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, chini ya Wizara ya Maji. Bodi ndiyo inayopima mtiririko na kutoa vibali vya kutumia maji. Lakini mfereji unaoyachukua maji hayo kwenda shambani ni kazi ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, nayo leo iko upande wa Wizara ya Kilimo. Mto ukishaingia hifadhini unakuta TANAPA, chini ya Maliasili na Utalii. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu kule kwenye vyanzo ni ya TFS, wakala wa huduma za misitu, wizara ileile lakini ofisi nyingine. NEMC, baraza la taifa la mazingira, inasimamia Sheria ya Mazingira ya 2004 na inawajibika Ofisi ya Makamu wa Rais. Mabwawa ya umeme ni ya TANESCO, Wizara ya Nishati. Mifugo ina wizara yake. Maji ya kunywa vijijini, tangu 2019, ni ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Na ardhi ya kijiji pamoja na ushuru wa mazao yanayotoka juu yake viko chini ya halmashauri ya wilaya, ambayo inaitazama TAMISEMI.

Orodha hiyo peke yake haitishi. Nchi yoyote ina ofisi nyingi. Kinachotia shaka ni kile ambacho kila moja hupimiwa. Tume ya Umwagiliaji ikitoa taarifa ya mwaka inataja hekta zilizoongezeka. TANESCO inataja megawati. TANAPA inataja wanyama, watalii na mipaka. Mkurugenzi wa halmashauri akisimama mbele ya madiwani hataulizwa kwa nini viboko wa Msembe wanakufa. Ataulizwa makusanyo, na katika wilaya ya mpunga makusanyo ni mpunga. Bodi ya Maji ndiyo pekee ambayo mtiririko wa mto ni kazi yake hasa, lakini hailimi, haijengi mabanio ya kuchepusha maji, haichungi mifugo wala haizalishi umeme. Ina kibali tu, na kalamu ya kukiandika.

Banio la miti na banio la zege

Tuangalie kitu kimoja kwa karibu, kwa sababu kinafafanua kuliko chati ya muundo wa wizara.

Mkulima mdogo wa Usangu zamani alichepusha maji kwa banio la asili: nguzo zilizochomekwa mtoni, matawi, nyasi, mawe, magunia ya mchanga. Banio hilo lilikuwa kero. Mafuriko ya masika yakija yanalizoa lote, wanakijiji wanakusanyana kulijenga upya. Tena linavuja. Maji yanapenya katikati ya matawi, yanapita chini ya magunia, na kila kinachovuja kinaendelea na mto.

Mhandisi wa umwagiliaji akija anaona upotevu na mateso, na kwa macho ya kazi yake ana haki. Analijenga la zege, lenye lango la chuma la kufungua kwa mkono. Halizolewi na mafuriko, halivuji, wakulima wanapumzika. Ila mwezi Septemba, mto ukiwa umepungua na kubaki kijito, banio la zege linaweza kukichukua kijito chote na kukiingiza mferejini. Lile la matawi halikuweza kufanya hivyo hata kama mwenyewe angetaka. Watafiti waliofanya kazi Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 walilionyesha hili waziwazi: ujenzi uliohesabiwa kuwa "uboreshaji" uliongeza uwezo wa walio juu kumaliza maji ya kiangazi.

Na wakati huo ushirikiano ulikuwepo, kwenye karatasi. Mkopo wa Benki ya Dunia uliogharamia sehemu ya kazi hizo ulikuwa mradi mmoja wenye mikono miwili: usimamizi wa mabonde ya Rufiji na Pangani upande wa Maji, na uboreshaji wa skimu za wakulima wadogo upande wa Kilimo. Jina moja, fedha za mfuko mmoja. Mkono mmoja ukawa unafundisha kugawana mto, na mwingine unajenga lango la kuuchukua wote. Sidhani kuna aliyekusudia hivyo. Mchoro wa lango ulipimwa kwa mahitaji ya shamba lililo mbele yake.

Kibali nacho kilikuwa na ila yake. Kinaandika lita kwa sekunde, tarakimu moja, wakati mto wenyewe unabadilika mara nyingi kati ya Machi na Oktoba. Vibali vikijumlishwa, maji ya masika yanatosha na kusaza. Ya kiangazi hayafiki hata karibu. Mwenye kibali anayechukua lita zake zilizoandikwa mwezi Oktoba hajavunja sheria. Amechukua mto, basi.

Mfereji si wa mpunga peke yake

Swali la kawaida ni hili: kwa nini malango yasifungwe tu baada ya mavuno, maji yarudi mtoni?

Sababu moja ni bei. Mpunga unaovunwa mapema hukuta soko halijajaa, kwa hiyo wenye uwezo wa kupata maji huanza vitalu vya miche kabla mvua hazijashika, wakati mto uko chini kabisa. Sababu nyingine haisemwi sana kwenye mikutano ya mazingira. Vijiji vingi vya Usangu vimekua kando ya mifereji. Mfereji ndio bomba. Mama anachota humo, watoto wanaoga humo, mbuzi wanakunywa humo, mafundi wanafyatulia matofali. Ukifunga lango mwezi Agosti umewakatia watu maji ya nyumbani.

Hapo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inakutana na yenyewe. Inaweka matumizi ya nyumbani mbele, kisha maji ya kulinda mazingira ya mto, halafu ndiyo kilimo, umeme na mengine. Lango linaloachwa wazi kwa ajili ya ndoo za akina mama linalindwa na kipaumbele cha kwanza. Lakini ili ndoo hizo zifikiwe, mfereji wa kilomita kadhaa unajazwa maji ambayo mengi yanapotelea ardhini na juani, na yanayopotea ndiyo yangekuwa ya kipaumbele cha pili.

Sasa tazama dawa yake. Ni kisima kirefu chenye pampu, au bomba la mserereko kutoka mlimani, kijijini. Kikiwepo, lango la kiangazi linaweza kufungwa bila kumwonea mtu. Kwa maneno mengine, mojawapo ya njia za haki kabisa za kupeleka maji kwa viboko wa TANAPA ni RUWASA kuchimba kisima Mbarali. Lakini RUWASA haina sababu ya kukipa kijiji hicho nafasi ya kwanza kuliko kijiji kingine kisicho na maji kabisa, na TANAPA haichimbi visima vya vijiji vya mpunga kama kazi yake ya msingi. Kisima hicho kina faida kwa ofisi tano na si kipaumbele cha hata moja. Ukitaka kuelewa ushirikiano wa taasisi ni nini hasa, ni kupata njia ya kisima hicho kuingia kwenye bajeti ya mtu.

Saa mbili tofauti

Umeme ulichanganya mambo zaidi. Kidatu, megawati 204, ilianza kuzalisha mwaka 1975. Mtera ilijengwa baadaye kama ghala la maji la kuilisha Kidatu, na mitambo yake yenyewe ya megawati 80 ikaja 1988. Miaka ya 1990 mgao wa umeme ulipoanza kuumiza, kidole kilielekezwa Usangu: wakulima wanakausha Mtera. Maelezo hayo yalikuwa mepesi kueleweka na yalipendwa.

Ila Mtera hujazwa na maji ya masika, siyo ya kiangazi. Mafuriko ya Machi na Aprili ndiyo yanayopandisha bwawa kuelekea kina chake cha juu, mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka hadi 690 mitambo inatakiwa izimwe. Kijito cha Oktoba kinachogombewa Mbarali, hata kingefika chote, kisingeongeza kitu cha maana kwenye bwawa la ukubwa ule. Waliochambua rekodi za bwawa walikuta kwamba namna maji yalivyokuwa yakiachiwa kutoka Mtera ilichangia sana upungufu ule, pamoja na ukame. Kwa hiyo kulikuwa na matatizo mawili yanayovaa nguo moja: tatizo la hifadhi, ambalo ni la kiangazi na linaanzia kwenye mifereji, na tatizo la bwawa, ambalo ni la masika na uendeshaji.

Kuyachanganya kulikuwa na gharama. Serikali ikiamini kwamba taa za Dar es Salaam zinazimwa na watu wa Usangu, nguvu itakayotumika Usangu itakuwa ya aina nyingine kabisa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza lengo kwamba Ruaha Mkuu utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji Ihefu. Ng'ombe kwa maelfu mengi walihamishwa, wengine kuelekea mikoa ya Pwani na Lindi, na watu wengi walipoteza mifugo njiani. Kwa Tangazo la Serikali Na. 28 la 2008, lililokuwa pori la akiba la Usangu likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ikawa hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ihefu ikapata mlinzi mmoja badala ya wengi, na kwa kinamasi chenyewe hilo lina faida zake. Mto uliendelea kukatika, kwa sababu mabanio yako juu ya Ihefu, nje ya mpaka huo. Mgogoro wa wakulima na wafugaji ukahamia wilaya za kusini zilizowapokea wahamishwa, wilaya ambazo Wizara ya Maji haikuwa na sababu ya kuzifikiria. Na mstari wenyewe wa mpaka katika Tangazo hilo Na. 28 uliacha vijiji vya Mbarali vikiwa upande usio wao, ugomvi uliokwenda bungeni miaka na miaka.

Ofisi moja ikitatua tatizo lake peke yake kwa nguvu, mara nyingi huwa imelisukumia kwa jirani. TFS inalijua hili, polisi wanalijua, na wakuu wa wilaya wanalijua kuliko wote.

Vyombo vilivyopo

Si kweli kwamba hakuna mahali pa kukutania. Sheria ya 2009 iliweka ngazi: Bodi ya Maji ya Taifa ya kumshauri waziri, bodi za mabonde tisa zenye wajumbe kutoka sekta mbalimbali, kamati za vidakio (maeneo yanayochangia maji ya mto), hadi jumuiya za watumia maji kule mtoni. Sheria ya Mazingira inalazimisha tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa, na NEMC hukusanya maoni ya sekta nyingine. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kitaifa cha kunusuru ikolojia ya Ruaha Mkuu, kikichanganya wizara kadhaa.

Kikosi kazi kina nguvu moja ambayo bodi haina: kinatoka juu ya wizara zote. Bodi ya bonde, kwa upande wake, inakaa ndani ya wizara moja, na kuiamuru tume ya wizara nyingine ni kazi ngumu kwa ofisi ya ngazi yake. Udhaifu wa kikosi ni kwamba kina muda. Kinakuja, kinakagua, kinafunga mifereji isiyo na vibali, kamera zinapiga picha, kisha wajumbe wanarudi Dodoma kwenye kazi zao za kila siku.

Kwa uzoefu wa nchi hii, anayeweza kuwaita wote chumba kimoja na wakaja ni mkuu wa mkoa. Kiti chake si cha sekta yoyote. Lakini mto huu unagusa Mbeya, Njombe, Iringa, Dodoma, Singida na Morogoro, na mkuu wa mkoa wa chini ya mto hana amri juu ya lango lililo mkoa wa juu.

Kule juu kabisa kuna vinyungu, bustani za mabondeni za Iringa na Njombe, ambazo mara nyingi ziko ndani ya zile mita 60 kutoka ukingo wa mto ambazo Sheria ya Mazingira inazikataza kwa shughuli za kudumu. Afisa kilimo amemfundisha mkulima kulima mboga kiangazi ili apate lishe na ada ya shule. Afisa mazingira wa halmashauri hiyohiyo, ofisi ya pili kwenye korido ileile, anatakiwa amwondoe. Hapo hakuna wizara mbili za kupatanisha. Kuna mwajiri mmoja, na mkulima aliyesimama kwenye kinyungu akisubiri nani atakuja kwanza.

Walipofanikiwa kidogo

Jumuiya za watumia maji ndizo zilizonishawishi zaidi, japo hazina magari. Mito kadhaa ya Usangu ina vijiji vya juu na vya chini vinavyopanga zamu: siku hizi maji yenu, siku hizi yetu, na mlinzi wa zamu anatembea na tochi usiku kuhakikisha lango halijafunguliwa kinyemela. Zinafanya kazi kwa sababu wanaokubaliana wanaona maji yaleyale kwa macho yaleyale. Zinashindwa pale skimu kubwa yenye kibali chake inapochukua maji juu yao na haimo kwenye zamu.

Watafiti wa Usangu walitoa pendekezo ambalo bado naliona ni bora kuliko vikao vingi. Kiangazi, kibali kiache kutaja lita, kitaje fungu: banio hili theluthi, mto theluthi mbili, hata maji yawe kidogo kiasi gani. Na fungu hilo lijengwe kwenye zege lenyewe, kwa matundu ya kugawa ambayo hayahitaji mtu wa kusimamia. Masika, kibali cha lita kifanye kazi yake kama kawaida.

Hilo haliwezi kufanywa na ofisi moja. Bodi ingebidi iandike fungu kwenye kibali kabla Tume haijachora lango. Tume ingebidi ikubali lango dogo kuliko hekta inazotaka kutangaza. RUWASA ingebidi iwe imefika kijijini kabla lango halijafungwa, na halmashauri ikubali kwamba mpunga wa mapema utapungua na ushuru wake pia. Nani amlipe mwenzake kwa hasara hiyo? TANESCO hulipa ada ya maji inayozalishia umeme, na ada hizo ni sehemu ya mapato ya bodi; hapo pangeweza kuwa mwanzo wa hesabu, sasa ambapo mitambo ya Bwawa la Nyerere nayo imewashwa chini ya mto, ingawa maji yake mengi hutoka Kilombero.

Siku utakaposikia banio jipya limezinduliwa Mbarali, acha hekta zilizotajwa kwenye hotuba. Uliza mwezi Oktoba lango lile linaachia mto kiasi gani, na ufunguo wake anakaa nao nani.